Kasuku Mgeni Ndani ya Nyumba

Kabla hujamtazama kasuku usoni, mtazame mguuni. Kasuku wa kijivu aliyeanguliwa kwa mfugaji kwa kawaida huvaa pete ya chuma isiyo na kiungo, iliyopitishwa mguuni angali kifaranga, vidole vikiwa bado laini. Akishakua, pete hiyo haivuki tena. Mguu mtupu, au pete iliyopasuliwa kisha ikabanwa kwa koleo, ni sababu tosha ya kumuuliza muuzaji maswali. Tangu mkutano wa CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, uliofanyika Johannesburg mwaka 2016, biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliokamatwa porini imepigwa marufuku, na ukiwa Kenya au Tanzania unahitaji kibali cha mamlaka ya wanyamapori ili umfuge. Si urasimu wa bure. Utafiti uliochapishwa mwaka huohuo ulikadiria kwamba Ghana imepoteza kati ya asilimia 90 na 99 ya kasuku hawa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kwetu, katika msitu wa Kakamega, wamebaki wa kuhesabika.

Tuseme karatasi zimenyooka na ndege amefika. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa sababu wanamchukulia kama kuku wa rangi nzuri. Kuku ameishi na binadamu maelfu ya miaka na damu yake imeshatulia. Kasuku, hata aliyezaliwa ndani ya tundu, mababu zake wa karibu waliruka juu ya misitu ya Kongo wakikwepa tai. Woga ule hakuuacha kwa mfugaji. Kila utakalofanya wiki za mwanzo atalipima kwa macho ya kiumbe anayewindwa.

Kwa hiyo tundu liwekwe sebuleni, upande mmoja ukiegemea ukuta ili mgongo wake uwe na kinga. Katikati ya chumba atahisi hatari inatoka kila upande; dirishani kila mwewe anayepita atamtia kiwewe; na chumba cha nyuma peke yake ni adhabu, maana porini kasuku hawa hulala kwa mamia katika miti michache. Methali ya kumpa mgeni jembe siku ya tatu haimhusu ndege huyu. Kaa karibu naye, kula chakula chako, soma gazeti, ongea kwa sauti ya kawaida. Mkono usishuke kutoka juu, kwa kuwa ndivyo tai anavyokuja. Manyoya yakimbana mwilini, akajinyoosha akawa mwembamba, ameogopa. Akiogopa zaidi hunguruma, sauti ya kukwaruza ambayo huwezi kuamini imetoka kwa ndege. Rudi nyuma hatua mbili. Mboni za macho zikisinyaa na kutanuka upesi upesi, amesisimka, na msisimko huo unaweza kuishia kwenye furaha au kwenye kidole chako.

Karanga moja kupitia nondo za tundu ndiyo salamu bora. Akiipokea bila kukimbia, kesho yake ingiza mkono kidogo. Siku atakapotulia mkono ukiwa ndani, mguse taratibu tumboni, juu kidogo ya miguu, naye atapanda kidoleni. Wapo wanaofika hapo baada ya siku chache, na wapo wanaohitaji miezi. Usiku mwache alale saa 10 hadi 12 gizani, hata kama wenye nyumba bado wanatazama mpira.

Chakula kinahitaji maneno zaidi, maana ndicho kinachoua kasuku polepole huku mwenyewe akijiona amemtunza. Desturi ni kumjazia kikombe mbegu za alizeti. Anazipenda kweli, lakini zimejaa mafuta, kalsiamu ni kidogo na vitamini A karibu hakuna. Porini, chakula anachokipenda mno ni tunda la mchikichi, lilelile linalokamuliwa mawese Kigoma na Kongo, na wekundu wake ni karotini, malighafi ya vitamini A. Vitamini hiyo ikipungua, ngozi laini ya pua na koo hukauka na kukakamaa, vijidudu vikapata mlango, na ndege akaanza mafua yasiyoisha. Dawa iko sokoni: boga, karoti, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, mchicha, sukuma wiki. Mpe hata pilipili mbichi. Ataitafuna kwa raha, kwani neva za ndege hazihisi ule ukali.

Kalsiamu ni balaa la kasuku wa kijivu hasa. Ikishuka kwenye damu, ndege aliyeonekana mzima asubuhi hutetemeka, hupoteza mizani na kudondoka kutoka kwenye kijiti. Mtundikie ule mfupa mweupe wa dome, jamaa wa ngisi, unaosukumwa na bahari hadi ufukweni, baada ya kuuosha na kuukausha vizuri. Hata hivyo mfupa pekee hautoshi, kwa sababu utumbo hauwezi kufyonza kalsiamu vizuri bila vitamini D, na vitamini D hutengenezwa na miale ya jua ambayo kioo cha dirisha huizuia. Mtoe nje akiwa ndani ya tundu, nusu saa ya jua la asubuhi, upande mmoja uwe na kivuli, na mtu awepo. Lakini usibadilishe kila kitu siku ya kwanza. Mwendelezee alichozoea kwa muuzaji, kisha ongeza vipya kidogo kidogo, maana kasuku aliyetishika anaweza kushinda njaa kuliko kugusa asichokijua. Parachichi, chokoleti, kahawa na pombe visimfikie kamwe. Parachichi lina kemikali inayoharibu moyo wa ndege.

Sasa hewa, na hapa nyumba zetu za pwani zijichunguze. Ndege hana kiwambo kama chetu. Ana vifuko vya hewa, aghalabu 9, vinavyosukuma hewa ipite kwenye mapafu kwa mwelekeo mmoja, hivi kwamba avutapo pumzi na aitoapo, mapafu yanapata hewa mpya. Ni mtambo hodari mno wa kunyonya oksijeni, na kwa uhodari huohuo hunyonya sumu. Kikaango cha tefloni kikisahauliwa motoni hadi kipate joto kupita kiasi hutoa mvuke ambao wewe unaweza usiutambue, naye akafa ndani ya dakika chache. Jiko la mkaa, udi wa Alhamisi jioni, dawa ya mbu ya kuchoma, sigara, marashi ya kupuliza: vyote vifanyike mbali naye, na jikoni pasiwe makao yake hata kwa siku moja.

Ugonjwa hauonyeshi. Porini anayeonekana dhaifu ndiye anayeliwa, basi hujikaza kijitini hadi nguvu zimwishie, na manyoya hufunika wembamba wake. Mizani ya jikoni itakuambia asichotaka kukuambia. Mpime asubuhi kabla hajala, uandike. Kasuku wa gramu 450 akipungua 45, usingoje wiki ijayo, mpeleke kwa daktari wa mifugo anayejua ndege. Pitisha kidole kifuani pia: mfupa wa kidari ukichongoka kama kisu, nyama imekwisha. Mkia unaopanda na kushuka kila anapopumua, au ndege kukaa sakafuni mwa tundu, ni dharura.

Mtenge na kuku au ndege wengine kwa siku 30 au zaidi. Kasuku huweza kubeba bakteria aitwaye Chlamydia psittaci, ambaye mwaka 1929 na 1930 alisafiri na kasuku wa biashara kutoka Amerika Kusini na kuwaua watu katika nchi kadhaa. Huambukiza kupitia vumbi la kinyesi kikavu, kwa hiyo lowesha kabla ya kufagia. Ukipata homa, kuumwa kichwa na kikohozi kikavu, mwambie daktari kwamba nyumbani una kasuku. Antibiotiki zipo, lakini bila kuambiwa huenda asilifikirie.

Na kusema? Wanunuzi huuliza hili kwanza, nami nimeliweka mwisho makusudi. Wengi huanza kutamka maneno ya kueleweka wakikaribia mwaka mmoja au zaidi. Mwaka 1977 mwanasayansi Irene Pepperberg alinunua kasuku wa kijivu katika duka la Chicago, akamwita Alex, na hadi ndege huyo alipokufa mwaka 2007 alikuwa anataja vitu takriban 50, rangi 7 na idadi hadi 6. Hakufundishwa kwa kukaririshwa. Watu wawili walizungumza mbele yake kuhusu kitu fulani. Aliyekitaja sawasawa alikabidhiwa, huku Alex akitazama na kukitamani. Nyumbani inawezekana vilevile: muulize mwanao hiki nini, ajibu karanga, umpe karanga, kisha umgeukie ndege. Usishangae kama wa kwanza kuigwa utakuwa mlio wa simu. Ameona kwamba ukilia, watu wote hukimbia.