Kura Iliyoharibika: Hasira Yako Inamfikia Nani?

Kila msimu wa uchaguzi wa mabaraza Uingereza, swali hili huingia majumbani mwetu, maana ni familia chache za Waswahili hapa Ghuba zisizokuwa na mtoto au ndugu kule. Kijana anasoma Cardiff, au binti kaolewa Leicester. Ana haki ya kupiga kura, lakini hampendi mgombea hata mmoja. Afanye nini?

Mtoto wa dada yangu aliandika kwenye kundi letu la familia kwamba atakwenda kituoni, aichore karatasi mstari kutoka pembe hadi pembe, "wajue tumechoka." Wakubwa wakamjibu heri akae nyumbani. Mimi niliishi Uingereza miaka mingi kabla ya kuhamia Maskati, na niliwahi kuwa wakala wa mgombea katika chumba cha kuhesabia kura. Kwa hiyo naeleza hapa kinachoikuta karatasi ile ikishatoka sandukuni.

Kwanza, nani anapiga kura? Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi Uingereza kihalali, wakiwemo Watanzania na Wakenya, wanaweza kujiandikisha. Mwenye pasi ya Oman hawezi akiwa England. Lakini Wales na Scotland zimefungua uchaguzi wa mabaraza kwa wakaazi halali wa mataifa yote, kuanzia umri wa miaka 16. Wapo vijana wetu wenye haki hii na hawajui.

Sasa tuingie chumbani. Karatasi hufunguliwa mezani na kupangwa kwa mafungu. Yenye shaka huwekwa kando, kisha msimamizi wa uchaguzi huiamua mbele ya mawakala. Sababu za kuikataa ni nne: haina alama rasmi, mpiga kura kachagua watu wengi kuliko nafasi zilizopo, kaandika kitu kinachomtambulisha, kama jina lake, au karatasi ni tupu, au haieleweki kamchagua nani. Mwisho hutangazwa idadi kwa kila sababu, basi.

Hakuna fungu la waliokasirika. Karatasi ya kijana aliyeichora kwa hasira na ya bibi aliyesahau miwani yake nyumbani zinaweza kulala pamoja. Niliona mimi karatasi iliyoandikwa maneno mengi kuhusu takataka zisizozolewa mtaani. Msimamizi aliisoma, sisi mawakala tukaisoma, ikatiwa katika fungu la zisizoeleweka. Malalamiko yenyewe yalikuwa ya kweli kabisa, lakini kilichotoka nje ya chumba kile ni nambari tu.

Kuna mtego mwingine. Sheria ya Uingereza hutazama nia ya mpiga kura. Si lazima uweke alama ya msalaba. Hata uso unaocheka ukichorwa katika kisanduku cha mgombea mmoja tu unaweza kukubaliwa kuwa kura yake. Katika uchaguzi wa bunge wa 2015, huko Montgomeryshire, Wales, mtu alichora mchoro wa matusi katika kisanduku cha Glyn Davies. Mchoro haukutoka nje ya kisanduku, ukahesabiwa kuwa kura ya Davies! Aliyetaka kumtukana alimsaidia.

Na katika mabaraza kura moja si jambo dogo. Mei 2017, kata ya South Blyth, Northumberland, wagombea wawili wa mbele walilingana kura hata baada ya kuhesabiwa tena. Wakachomoa vijiti. Chama cha Conservative kilikosa kijiti kirefu, kikabaki na viti 33 kati ya 67, kikikosa kiti kimoja tu kupata wingi katika baraza zima. Mkaazi mmoja aliyebaki nyumbani siku ile angeweza kuamua yote hayo.

Je, kura ya hasira haina maana popote? La. Inategemea sheria imeipa nguvu gani. Tulinganishe miji miwili ya Amerika ya Kusini. Oktoba 1959, wakaazi wa São Paulo, Brazil, waliochoshwa na madiwani wao walimpigia kura kifaru wa bustani ya wanyama aliyeitwa Cacareco. Alipata kura zipatazo 100,000, kupita mgombea yeyote. Dunia ilicheka, lakini kura zote zilihesabiwa kuwa zimeharibika, na viti vikachukuliwa na wale wale wanasiasa.

Mji wa Bello, Kolombia, Oktoba 2011, ulikuwa na mgombea mmoja tu wa umeya. Kule karatasi yenyewe ina sehemu ya kura tupu, na sheria inasema zikizidi nusu ya kura halali uchaguzi urudiwe, tena bila ya wagombea wale wale. Kura tupu zikashinda, na uchaguzi ukarudiwa. Hasira ya Bello ilikuwa na mlango wa kisheria. Ya São Paulo haikuwa nao.

Kwetu Zanzibar tumezoea zaidi njia ya tatu, kususia. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulipofutwa na kurudiwa tarehe 20 Machi 2016, CUF ilisusia. Hata hivyo jina la Maalim Seif Sharif Hamad lilibaki kwenye karatasi, na alitangazwa kuwa na kura 6,076. Dk. Ali Mohamed Shein alitangazwa mshindi kwa asilimia 91.4. Kususia kule kulionekana duniani, hilo halina ubishi. Lakini siku ile walichaguliwa pia wawakilishi na madiwani, na viti vyao vilijazwa. Masuala ya maji, taka na masoko yaliamuliwa na waliokuwamo.

Hapa Oman, uchaguzi wa mabaraza ya manispaa wa Desemba 2022 ulifanyika kwa simu, kupitia programu ya Antakhib. Karatasi ya kuichora haipo tena.

Kwa vijana wetu walioko Uingereza, ushauri wangu ni huu. Kama hapana hata mmoja unayemridhia, kuacha karatasi tupu ni haki yako, ila jua haitaeleza kwa nini. Mpigie mgombea wa chama kidogo au wa kujitegemea, kura yako itaandikwa kwa jina na chama chako kikubwa kitaona imekwenda wapi. Malalamiko ya taka mwandikie diwani, maana barua inaweza kujibiwa. Na mwenye ukaazi wa kudumu anaweza hata kugombea: uchaguzi wa mabaraza hauna dhamana ya fedha, na England wapiga kura wawili wa kata hiyo wanatosha kukutilia saini.