Mtoto wa materneli: tusitazame miaka peke yake

Kila mwaka, mwezi wa 9 ukikaribia, wamama wengi wanafika kwenye dispensari na mtoto asiye na ugonjwa wowote. Hawatafuti dawa. Wanauliza: «Munganga, huyu ametimiza miaka 3. Tumpeleke materneli ao tungoje?» Wanafikiri tutatazama tarehe ya kuzaliwa na kujibu ndiyo ao hapana. Tarehe inasaidia, lakini haitoshi.

Sheria ya masomo ya mwaka 2014 inapanga materneli kwa miaka mitatu, tangu mtoto akiwa na miaka 3; halafu primeri inaanza kwa miaka 6. Katiba ya mwaka 2006 inafanya primeri kuwa ya lazima, na ya bure katika shule za serikali. Mtoto anayeingia materneli na miaka 4 ao 5 hajachelewa, ikiwa nyumbani watu wanazungumza naye na anacheza na wenzake.

Kwanza, baba na mama, mjiulize kwa nini mnataka aende. Katika nyumba za watu wa mine kuna sababu moja isiyotajwa sana: baba anatoka posti ya usiku, anataka kulala, na mtoto anapiga kelele mlangoni. Ni shida ya kweli. Mtu asiyelala vizuri ni hatari kazini, kwake na kwa wenzake. Lakini usingizi wa baba si alama kwamba mtoto yuko tayari. Kwa shida ile, nkambo ao jirani anaweza kumshika mtoto asubuhi, ao baba apewe chumba cha nyuma chenye pazia nzito.

Sasa mumtazame mtoto mwenyewe. Je, anasema mapema kwamba anataka kwenda choo, na anaweza kushusha kaputula yake? Mwalimu mwenye watoto wengi hawezi kuvua na kuvika kila mmoja. (Kukojoa kitandani usiku ni jambo lingine: wengine wanaendelea mpaka miaka 5 na zaidi, na haizuii shule.) Je, mtu asiye wa nyumba anaelewa maneno yake? Mama anaelewa yote, hata kilio, kwa hiyo mama si kipimo kizuri hapa. Mumtume kwa jirani wa karibu aombe chumvi. Akirudi na chumvi, ulimi wake unatosha. Je, anakula bukari kwa mkono wake bila kulishwa? Je, amekwisha kubaki nusu ya siku kwa shangazi, akalia kidogo, kisha akacheza? Kulia si alama mbaya. Alama mbaya ni mtoto anayekataa kula na kucheza asubuhi nzima, siku kwa siku. Yule mumwache miezi michache, mumzoeze kidogo kidogo kwa watu wa karibu, kisha mjaribu tena.

Kusema A, B, C na kuhesabu mpaka 10 hatuulizi. Wazazi wanajisifu sana nayo, lakini hiyo ndiyo kazi ya shule.

Kwa primeri kuna kipimo ambacho wazee wanakijua: mtoto anapitisha mkono wa kuume juu ya kichwa na kugusa sikio la kushoto. Akiligusa, husemwa kwamba amefika miaka 6 ao 7. Kilisaidia pale ambapo mtoto hakuwa na karatasi ya kuzaliwa, lakini kinapima urefu wa mkono tu. Mtoto mrefu wa miaka 5 analigusa. Mtoto wa miaka 7 aliyedumaa kwa kukosa chakula kizuri halifikii, ingawa akili yake inangoja darasa. Dawa ni karatasi: muandikishe uzazi kwenye ofisi ya etasivile katika siku 90 za kwanza, ambazo ni za bure.

Tunasema hivi kwa sababu, tangu serikali ilipoanza kutekeleza primeri ya bure mwaka 2019, wazazi wengine wanafanya hesabu: materneli inalipwa, primeri hailipwi. Basi mtoto wa miaka 5 anaongezewa mwaka mmoja wa uongo. Franka zinabaki mfukoni, na mtoto anakaa katika darasa lililojaa, vidole vyake havijaweza kushika kalamu vizuri. Akirudia mwaka, anaanza kuamini kwamba yeye ni mjinga. Kama feza ya materneli haipo, afazali abaki nyumbani mpaka miaka 6. Achore chini kwa kijiti, achague maharagi pamoja na mama, aimbe, atumwe vitu vidogo. Vidole na masikio vinajifunza pale vilevile.

Mbele ya kumwandikisha, mumlete dispensari na karte yake. Tunatazama chanjo, zaidi ile ya surua na ya homa ya manjano ya miezi 9, kwa maana darasani surua inapita mbio. Tunatazama pia masikio. Sikio linalotoa usaha linaweza kupunguza usikivu, na mtoto asiyesikia vizuri ataitwa mkaidi. Nyumbani mnaweza kumjaribu: mtu asimame hatua tatu nyuma yake wakati anacheza, amwite kwa sauti ndogo. Akikosa kugeuka mara nyingi, mje naye. Mtoto wa SS anaweza kwenda materneli kama wengine, lakini mwalimu ajue: anywe maji mara kwa mara, avae vizuri asubuhi za baridi za mwezi wa 5 na wa 6, na akishikwa na homa ao maumivu ya mifupa aletwe upesi.

Siku za kwanza mama asitoroke kwa siri. Aage, aseme atarudi wakati gani, na arudi kweli. Mafua na kikohozi katika miezi ya kwanza ni kawaida watoto wakikusanyika. Si jirani aliyemroga. Na alale: mtoto wa miaka 3 ao 4 anahitaji saa 10 mpaka 13 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana.

Kisha njia. Mtoto wa umri ule hawezi kupima mwendo wa gari. Pale malori ya shaba yanapopita, kama kwenye barabara ya Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, ndugu yake wa miaka 8 hatoshi kumsindikiza. Mtu mzima amshike mkono na atembee yeye upande wa magari. Na baba anayetoka posti ya usiku akitaka kumpeleka mwenyewe, aache salopeti na viatu vya kazi kule kazini, aoge kwanza, kusudi vumbi la mine lisiingie katika nguo za shule.