Je, kamera inaweza kumlisha mtu hadi uzeeni?

Mzazi mmoja wa hapa Kihesa alituuliza swali zito: kijana wake anaomba ng'ombe auzwe, anunuliwe kamera. Je, hiyo ni kazi ya maisha, au ni ya harusi za msimu tu?

Ndugu msikilizaji, leo tunazungumzia filamu za makala, yaani zile zinazoonyesha watu na mambo ya kweli, si maigizo. Mwongozaji huamua habari isimuliwe vipi. Mpiga picha hushughulikia kamera na mwanga. Mara nyingi mtu mmoja hubeba kazi zote mbili.

Tuwatazame waliotutangulia. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na huko akaanzisha kampuni yake, Camerapix, mwaka 1963. Dunia nzima ilimfahamu Oktoba 1984, BBC ilipoonyesha picha zake za njaa ya Ethiopia na michango ikamiminika. Hesabu mwenyewe: ni zaidi ya miaka 20 tangu aanze. Na kazi ilimgharimu. Mwaka 1991, mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ulimnyang'anya mkono wa kushoto na kumuua mwenzake wa sauti, John Mathai. Amin alirudi kazini na mkono wa bandia, hadi alipofariki mwaka 1996 katika ndege iliyotekwa na kuanguka baharini karibu na Komoro.

Hugo van Lawick, Mholanzi, alifika Gombe, Kigoma, mwaka 1962. Filamu yake ya sokwe wa huko, iliyotoka mwaka 1988, ilitokana na picha za zaidi ya miaka 20. Naye Mtanzania Flora M'mbugu-Schelling, mwanzoni mwa miaka ya 1990, aliwapiga picha wanawake wakimbizi kutoka Msumbiji wakiponda kokoto Dar es Salaam. Filamu ile karibu haina msimulizi. Mikono yao ndiyo inayosema.

Kazi hii basi ni kama kupanda miti ya mbao kule Mufindi: huvuni mwaka wa kwanza. Wazoefu wengi hawaishi kwa filamu moja. Hupiga matangazo, hurekodi miradi ya mashirika, hufundisha, na huuza picha zao za zamani. Picha za Amin zinatafutwa hadi leo kwa sababu kampuni yake ilizihifadhi.

Kwa hiyo, mzazi, kabla ya kuuza ng'ombe, mpeleke kijana akajifunze kwanza kwa fundi mwenye kamera. Akipata kazi, waandikiane mkataba unaosema picha ni mali ya nani. Ahifadhi nakala mbili za kila kazi, mahali tofauti. Kuhusu haki zake, aulize COSOTA. Kuhusu vibali vya filamu, aulize Bodi ya Filamu.

Akivumilia hayo kwa mwaka mzima bila kuchoka, hapo sasa mzungumzie ng'ombe.