Mistari Isiyo na Mwenyewe

Mwaka 1896, Edward Pickering, mkuu wa kituo cha nyota cha Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, alitangaza kwamba imeonekana mistari ya ajabu katika mwanga wa nyota moja ya kusini. Wataalamu wakaikagua mistari hiyo, wakabishana, mwisho wakaitafutia mwenyewe. Wakakosea. Ikapita miaka 17 kabla ya mwenye mali kujulikana, na mtaona, wanangu, kwamba alikuwa amejificha nyuma ya hesabu ya mara mbili tu.

Nyota yenyewe haina siri. Mwanzoni mwa Machi, saa tatu usiku, simameni mkielekea kusini. Ile ing'aayo sana mbele yenu ni Suheli, rafiki wa manahodha tangu zamani. Juu kabisa, karibu na utosi, ni Sirius. Sasa tafuteni upande wa kushoto nyota isiyo na makeke, inayofanya pembetatu na hizo mbili. Hiyo ndiyo Zeta Puppis, iitwayo pia Naos, katika kundi la Shetri. Mwanga mnaouona ulianza safari zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Inaonekana nyonge kwa sababu ya umbali. Kwa joto, Jua letu ni mtoto mbele yake. Mmewahi kumtazama mhunzi akichochea moto? Chuma huanza kuwa chekundu, kisha cha njano, kisha cheupe. Nyota nazo hufuata mpangilio huo, ila zenyewe hazikomei kwenye weupe, huvuka hadi kwenye ubuluu. Uso wa Jua una nyuzi 5,500 hivi za Selsiasi. Uso wa Zeta Puppis unakaribia nyuzi 40,000. Sehemu kubwa ya mwanga wake ni urujuanimno, ambao jicho la binadamu halina uwezo wa kuuona kabisa.

Haya, mtu aliyeko duniani anaijuaje nyota asiyoweza kuifikia? Ana njia mbili kubwa. Ya kwanza ni fotometria, yaani kupima kiasi cha mwanga: leo umefika mwingi kiasi gani, kesho kiasi gani. Ya pili ni spektroskopi, kuupasua mwanga kwa prizimu mpaka uwe utepe wa rangi kama upinde wa mvua. Ndani ya utepe huo huwa kuna mistari myembamba, mingi ikiwa myeusi, mahali ambapo gesi ya nyota imemeza rangi fulani. Kila elementi ina mistari yake, na haiazimi ya jirani.

Pale Harvard walikuwa na mbinu niipendayo sana. Waliweka prizimu mbele ya lenzi ya darubini, hivi kwamba kila nyota katika picha ikatoka si nukta bali kiutepe chenye mistari yake. Kioo kimoja cha picha, nyota tele. Lakini Naos, ukiwa Harvard, huchungulia tu ukingoni mwa mbingu, kwa hiyo walijenga kituo kingine Arequipa, nchini Peru, na vioo vikasafirishwa kwa meli hadi Marekani. Kazi ya kuvisoma iliongozwa na Williamina Fleming, mwanamke wa Uskoti aliyetelekezwa na mumewe akiwa mjamzito katika nchi ya ugeni, akafanya kazi za ndani nyumbani kwa Pickering, kisha akaajiriwa kituoni. Aliainisha nyota zaidi ya 10,000. Mistari ikapewa jina la Pickering. Mimi ningegawa sifa hizo kwa namna nyingine.

Sasa mistari yenyewe. Mwaka 1885, Johann Balmer, mwalimu wa shule huko Basel, Uswisi, alikuwa amegundua kanuni ya mistari ya hidrojeni. Ukiweka namba 3 katika kanuni yake, inakupa mahali pa mstari mwekundu. Ukiweka 4, unapata ule wa buluu-kijani. Weka 5, weka 6, unaendelea hivyo hivyo mpaka kwenye urujuani. Namba nzima tu. Mistari ya Naos ilikaa kati ya hiyo ya hidrojeni, kwa mpangilio ule ule, ila ilidai namba zenye nusu: nne na nusu, tano na nusu, sita na nusu. Pickering akaona lazima iwe hidrojeni iliyo katika hali isiyojulikana duniani. Wakubwa wenzake wakakubali. Kwa kweli na mimi ningekubali, maana ilipendeza mno.

Mwaka 1912, Alfred Fowler wa London alipitisha umeme katika bomba lenye mchanganyiko wa hidrojeni na heliamu, na mistari ya aina hiyo ikatokea mezani pake. Kila mtu akaitazama hidrojeni. Mwaka uliofuata kijana wa Denmaki, Niels Bohr, akaitazama heliamu.

Atomu ya heliamu, alisema Bohr, ina elektroni mbili. Kwenye joto kali mno moja hufukuzwa, inabaki moja, kama ilivyo katika hidrojeni. Tofauti ni kwamba kiini cha heliamu kina chaji mara mbili, na kanuni inataka mara mbili hiyo izidishwe kwa yenyewe, ikawa nne. Ukiandika hesabu upya kwa heliamu, nne na nusu inageuka 9, tano na nusu inageuka 11. Nusu zote zikayeyuka! Huko Manchester, mtafiti aitwaye Evans akajaza bomba kwa heliamu safi, na mstari mmoja kati ya ile ya Fowler ukaonekana bila hidrojeni.

Fowler hakukubali kirahisi, na hapo ndipo hadithi inaponinogea. Alisema, vipimo vyangu havitoi nne kamili, vinatoa 4.0016. Mtu mvivu angesema tofauti hiyo ni vumbi. Bohr akarudi kwenye karatasi. Alikuwa amechukulia kwamba kiini kimetulia tuli huku elektroni ikizunguka, kumbe nacho huyumba kidogo, na kiini cha heliamu, kwa kuwa ni kizito zaidi, huyumba kidogo kuliko cha hidrojeni. Aliporekebisha, akapata 4.00163. Fowler akasalimu amri.

Leo heliamu iliyopoteza elektroni moja ndiyo alama ya nyota za daraja la O, zilizo moto kuliko nyota nyingine za kawaida. Ukiuona mstari wake, umejua joto bila kipimajoto.

Fotometria ilichelewa kutupa habari za Naos, kwa sababu mwanga wake hubadilika kidogo sana na hewa yetu huutikisatikisa. Isitoshe, mabadiliko yake makuu hujirudia kila baada ya siku 1.78, na mtu wa darubini moja duniani hukatizwa na kila mchana. Ilibidi kwenda angani. Vipimo vya chombo cha setilaiti moja, kilichoundwa kuchunguza milipuko ya Jua, vilionyesha mrudio huo kwanza. Waliouona wakadhani nyota inavimba na kusinyaa. Kisha zikaja setilaiti ndogo za BRITE, za Austria, Kanada na Poland, kila moja boksi la sentimita 20 kila upande. Ziliikazia macho Naos kwa miezi kadhaa, mwaka 2014 hadi 2015. Mwaka 2018 timu iliyoongozwa na Tahina Ramiaramanantsoa, wa Chuo Kikuu cha Montreal, ikaeleza: zile siku 1.78 ni mzunguko wa nyota yenyewe. Jua huchukua kama siku 25, na ni dogo mara nyingi! Uso wa Naos una mabaka yanayong'aa zaidi. Baka likija upande wetu mwanga huongezeka, likigeuka hupungua. Na kwa kuwa mabaka huzaliwa na kufa, umbo la mabadiliko hayo halibaki lile lile.

Naos hupuliza pia upepo wa gesi unaokimbia zaidi ya kilomita 2,000 kwa sekunde. Je, mabaka ya usoni yanauvuruga upepo huo? Hapo setilaiti peke yake haikutosha, ilihitajika spektroskopi. Watafiti wakaufuata mstari mmoja wa heliamu, ule ule uliong'aa katika bomba la Fowler, wakakuta vinundu vinavyosogea ndani yake kwa mrudio wa siku 1.78. Upepo unachorwa mikanda iliyojizungusha kama gamba la konokono na uso wa nyota, kadiri nyota inavyozunguka. Vipimo hivyo vilitoka kwenye darubini ya kitaalamu nchini Chile, na vingine vikaletwa na wapenzi wa nyota wa Australia, watu wenye kazi zao nyingine mchana, waliokesha na darubini zao wenyewe.