Fundi wa Kanyakine na Waya Mnene

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kuniona nikiandika juu ya mashairi, ngoma na nyumba za kale za kwetu pwani. Leo niruhusuni niandike juu ya waya. Si waya wa simu wala wa redio, bali ule mnene kama kidole gumba, utokao kwenye betri ya gari ukaenda kwenye stata, pamoja na kile kipande cha shaba kifungwacho mwishoni mwake ambacho mafundi hukiita teminali. Kama kuna atakayeuliza utamaduni uko wapi hapo, namwomba avumilie kidogo.

Nilikuwa safarini kutoka Embu kwenda Meru, katika gari la shemeji yangu. Tulisimama Kanyakine kunywa chai. Kanyakine ni soko la Imenti Kusini, si mbali na Nkubu, kwenye mteremko wa mashariki wa Mlima Kenya, mahali pa majani chai, kahawa na migomba, na baridi ya asubuhi ambayo mtu wa Mombasa hukutana nayo kwa kanzu mbili. Tulipomaliza chai shemeji akageuza ufunguo. Gari likalia "tik" mara moja, kisha kimya. Akageuza tena. "Tik."

Shemeji akasema betri imekufa. Vijana wawili waliokuwa wamekaa karibu nao wakasema betri imekufa. Mimi nisiyejua lolote nikaitikia kuwa imekufa. Ndipo tukaelekezwa kwa fundi mmoja, mtu wa makamo yangu, ambaye karakana yake ni paa la mabati juu ya nguzo nne na ukuta upande mmoja tu.

Fundi hakuuliza betri ina umri gani. Alifungua boneti, akamwambia shemeji ageuze ufunguo na kuushikilia, kisha akaweka kiganja juu ya teminali. Akakiondoa upesi.

"Mzee wa Mombasa," akaniambia, "njoo uguse hapa, lakini polepole."

Nikagusa. Palikuwa pa moto kama sufuria iliyotoka mekoni.

Akatoa mita yake, akaweka ncha moja juu ya kichwa cha betri na ya pili juu ya waya, kidole kimoja tu kati yake, akataka ufunguo ugeuzwe tena. Mita ikaonyesha volti mbili na ushei. "Hapa katikati," akasema, "hapatakiwi kuonekana hata robo ya volti. Betri yako ni nzima. Inatoa, lakini njia inakula."

Alipofungua teminali ile, kikaanguka kipande cha bati lililokatwa kwenye kopo. Shemeji akakumbuka. Miezi michache nyuma gereji moja ilimwekea betri mpya, na kwa kuwa vichwa vya betri ile vilikuwa vyembamba, kama vilivyo katika magari mengi madogo ya Kijapani, na teminali ilikuwa ya vichwa vinene, wakachomeka bati kujaza nafasi. Gari likawaka, wakalipwa, wakaagana kwa bashasha. Naam, ndivyo tunavyotengenezewa mambo mengi.

Sasa nimweleze msomaji hesabu ambayo fundi alinichorea kwa chaki juu ya tairi. Stata ya gari dogo, inapoanza kuzungusha injini, huvuta ampea 150 au 200, na kubwa huvuta zaidi. Taa ya chumbani kwako haivuti hata ampea moja. Mkondo mkubwa namna hiyo ukikuta kizuizi kidogo sana, tuseme sehemu 5 kwa 1,000 za ohmi moja, hupoteza volti 1 hapo hapo, na wati 200 zikageuka joto. Ni sawa na kuwasha balbu mbili za zamani za wati mia mia ndani ya kitu kisichozidi kokwa ya embe. Basi si ajabu kiganja cha fundi kiliruka.

Nilidhani kazi imekwisha, lakini nyuma ya karakana niliona gari jingine, na hilo ndilo lililonifanya nisahau safari. Lilikuwa limevuliwa viti vyote na mazulia, ndani yake mabomba ya chuma yamepindwa kufuata paa, na kiti kimoja tu chenye mikanda mipana. Nikauliza ni la nini. Fundi akasema ni la kijana wa huko huko, anataka kuingia mashindano ya magari.

Wazee wa pande zile hawaoni gari kama hilo kuwa kioja. Mbio zilizoanzishwa mwaka 1953 kwa ajili ya kutawazwa kwa Malkia wa Uingereza, zikaja kuitwa Safari Rally, ziliuzunguka Mlima Kenya miaka mingi, na magari yakapita Nanyuki, Meru na Embu wakati wa Pasaka, mvua ikinyesha na udongo mwekundu ukiwa kama sabuni. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni magari 7 tu yaliyofika mwisho. Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho, alishinda mwaka 1965 kwa Volvo iliyokwisha tumika, akarudia mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara 5, nne kati ya hizo mfululizo tangu 1979 hata 1982. Mbio hizo zilitoka katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, zikarudi mwaka 2021, na makao yake yakawa Naivasha. Kanyakine hazipiti tena. Lakini fundi wangu alipokuwa kijana alisimama kando ya barabara akiwa na madebe ya petroli na spana, akingojea gari la tajiri wake litokeze gizani, na aliyeingia katika kazi ile hakutoka tena.

Katika gari la mbio, akanieleza, betri aghalabu huhamishwa kutoka mbele na kuwekwa nyuma, ili uzito ugawanyike na nafasi ya mbele ipatikane. Hapo ndipo waya mnene unapokuwa jambo. Waya uliokuwa na urefu wa mkono mmoja sasa ni mita 5, unapita sakafuni, unavuka bati, unajirani na bomba la petroli. Waya wa shaba wa milimita za mraba 16, kwa urefu huo na ampea 200, hupoteza zaidi ya volti 1. Wa 35 hupoteza nusu volti. Wa 70 hupoteza robo. Ndiyo maana hataki waya mwembamba. Hutumia waya wa mashine ya kuchomelea, kwa kuwa una nyuzi nyingi nyembamba na hupindika bila kuvunjika. Ila kwanza huukwangua kwa kisu. Siku hizi madukani kuna waya wa alumini uliopakwa shaba juu. Ukiukwangua, chini ni mweupe. Huo haupitishi umeme sawasawa na shaba, na huuzwa kwa maneno matamu.

Mwanafunzi wake, kijana asiyezidi miaka 19, alikuwa amekaa chini na kipande cha waya na chuma cha kulehemu. Nikamwambia, "Mwanangu, lehemu ndiyo dawa." Nilisema hivyo kwa kujiona. Neno lehemu tulilipata kwa Waarabu, nao wana neno la ukoo huo kwa nyama, na kwa jeraha linapofunga. Na mimi nilikulia karibu na masonara ambao kwao lehemu ndiyo ilikuwa mwanzo na mwisho wa ufundi.

Kijana akacheka kwa adabu, akamtazama bwana wake. Fundi akasema, "Mzee, kwa mkufu sawa. Mkufu hautetemeki siku nzima kwenye mawe."

Kosa la lehemu katika waya mnene, alisema, ni mawili. Ikiyeyuka hupanda kati ya nyuzi kama mafuta katika utambi, ikaishia sentimita chache juu ya teminali. Hapo inapoishia, waya mgumu unakutana na waya laini, na mtikisiko wa gari huvunja nyuzi moja baada ya moja, ndani ya mpira, mahali pasipoonekana. La pili ni kuwa lehemu ya kawaida ya bati na risasi huyeyuka kabla ya joto kufika digrii 200. Kiungo kikipata moto siku ya taabu, lehemu hulainika, na waya ukachomoka siku ile ile unapohitajika.

Yeye hubana. Hukata waya mraba kwa mkasi wa waya, si kwa msumeno unaotawanya nyuzi. Humenya mpira bila kugusa shaba, kwa kuwa kila uzi unaokatwa ni njia moja imefungwa. Husukuma waya mpaka mwisho wa teminali, kisha hutia katika koleo kubwa linalopampwa kama jeki, lenye meno ya pembe sita yanayolingana na ukubwa wa teminali ile, si nyingine. Nyuzi na ganda hubanwa mpaka hewa haina pa kupita; na pasipopita hewa kutu haingii. Kisha hufunika kwa mpira unaojikunyata ukipashwa moto. Chuoni mwalimu wetu alikuwa akitupiga kwa shada isiyokazwa, akisema herufi iliyolegea imebadili maana. Nilimkumbuka pale kwa namna ambayo sikutarajia.

"Na nyundo?" nikauliza, maana nimeona wengi wakiponda teminali kwa nyundo na tindo.

Hapo fundi alinyamaza kidogo. Kisha akasema kuwa zamani naye aliponda kwa nyundo. Gari moja alilolifunga yeye lilitoka usiku, na mbele ya safari waya ukachomoka kwenye teminali, ukaangukia bati karibu na bomba la petroli. Dereva alitoka akiwa na mikono iliyoungua, akaishi. Tangu hapo akauza pikipiki yake akanunua lile koleo.

Kwa hiyo kila gari la mbio analolitengeneza lina swichi kubwa inayokata umeme wote na kuzima injini, ambayo dereva huifikia akiwa amefungwa mikanda na mtu wa nje huifikia pia. Alama yake ni cheche nyekundu ndani ya pembetatu ya buluu yenye ukingo mweupe, ndivyo kanuni za mbio zinavyotaka. Kila waya unaovuka bati hupita ndani ya pete ya mpira. Na kila afunguapo betri huanza na hasi, akifunga humalizia na hasi, ili spana ikigusa bodi pasitokee cheche.

Tulipokuwa katika maneno hayo mwenye gari akafika. Alitaka gari Jumamosi. Fundi akamwonyesha waya aliouleta, akaukwangua mbele yake, nyeupe ikatokea. Kijana akasema pesa zimekwisha, na kwamba mbio zenyewe ni za siku moja tu.

"Gari ni lako," fundi akamjibu, "lakini sitaufunga waya huu."

Kijana aliondoka kwa hasira bila kuaga, nami nikadhani mteja amepotea. Baada ya nusu saa akarudi kuomba aandikiwe vipimo, akapanda matatu kwenda Meru mjini.

Gari letu lilipata teminali ya saizi yake na likawaka kwa mguso mmoja. Shemeji alikuwa akipiga honi. Lakini fundi alikuwa amechukua kiungo alichokibana mwanafunzi wake, akakiweka kwenye jiliwa na kukikata katikati kwa msumeno. Kiungo kizuri kikikatwa huonekana shaba moja, huoni uzi. Hiki kilikuwa na vitundu vitatu vyeusi. Kijana alivitazama, akachukua kipande kingine cha waya, akaanza kumenya upya.