Je, Wajua? Sindano Inayonyamazisha Ukuta wa Tumbo

Aliyepasuliwa tumbo haogopi kisu, kisu kimeshapita. Anaogopa kukohoa. Kila pumzi ndefu inavuta mshono, basi anapumua juu juu, makohozi yanalala kifuani, na baada ya siku chache nimonia inabisha hodi. Ndiyo maana manesi wanamhimiza akae, asimame, atembee, naye anaona wanamtesa. Mama aliyejifungua kwa upasuaji ana la ziada: mtoto analia njaa, na kumwinua tu ni kazi.

Dawa ya kwanza inayotajwa ni mofini. Ni nzuri, lakini inagusa mwili mzima: kichefuchefu, mwasho, kusinzia, na ikizidi inapunguza pumzi. Tena ni dawa ya kufungiwa kabatini kwa ufunguo, na katika Kongo hospitali nyingi za mbali na miji mikubwa huipata kwa shida. Hapo ndipo ganzi ya ukuta wa tumbo, ambayo madaktari huiita TAP, inapopata maana.

Ubavuni mna misuli mitatu mipana, imelala mmoja juu ya mwingine kama mikeka. Kati ya wa pili na wa tatu hupita neva zinazotoka uti wa mgongo kuja kuhudumia ngozi na misuli, kuanzia chini ya kifua hadi kinenani. Mwaka 2001 daktari Rafi alieleza jinsi ya kuzifikia kwa sindano moja kila upande, juu kidogo ya mfupa wa nyonga. Alitegemea mkono: sindano butu ikipenya utando, vidole huhisi. Tangu 2007 jicho limeongezwa, yaani ekografi. Kwenye kioo cha mashine tando huonekana kama mistari myeupe, na dawa ikiingia hufungua nafasi nyeusi katikati yake. Ikiwa inavimbisha msuli wenyewe, sindano haijafika mahali pake, inasogezwa.

Dawa yenyewe ni ya zamani. Bupivakeni ilitengenezwa Sweden mwaka 1957, na imo katika orodha ya dawa muhimu za Shirika la Afya Duniani. Huziba vijilango vya sodiamu kwenye neva, habari ya maumivu ikakwama njiani kwa saa kadhaa, mara nyingi nusu siku hivi. Ila ina mpaka: takriban miligramu 2 kwa kila kilo ya mwili. Mwanamke wa kilo 50 hapaswi kuvuka miligramu 100, yaani mililita 20 kila upande kwa dawa ya asilimia 0.25. Ikizidi, au ikiingia kwenye mshipa wa damu, masikio huvuma, mdomo hupata ladha ya chuma, kisha degedege, hata moyo kusimama. Kwa hiyo si sindano ya kuchomwa na yeyote.

Wala haimalizi kila kitu. Maumivu ya ndani, ya utumbo au mji wa mimba, hupita njia nyingine, kwa hiyo parasetamoli na wenzake lazima waendelee. Na mama aliyekwisha kupewa mofini kwenye uti wa mgongo hufaidika na TAP kidogo tu.

Ukanda wetu una historia ya upasuaji na kutuliza maumivu yake. Mwaka 1879, huko Kahura, Bunyoro, katika Uganda ya leo, Mwingereza Robert Felkin alimwona mganga akimpasua mama mjamzito aliyeleweshwa kwa pombe ya ndizi. Pombe hiyohiyo iliosha mikono na tumbo. Mama na mtoto walipona. Felkin aliyachapisha hayo mwaka 1884, mwaka uleule Carl Koller alipoonyesha Vienna kwamba kokeini hutia jicho ganzi. Leo ni Uganda hiyohiyo ambako TAP imeshafanyiwa majaribio kwa akina mama waliopasuliwa.

Kwa mji wa migodi kama Kambove, palipo na henia za wabeba mizigo, taifodi inayotoboa utumbo na uzazi mgumu, ninaona hesabu iko wazi: dawa si ghali, kinachokosekana ni mashine ya ekografi karibu na chumba cha upasuaji na mkono uliofundishwa. Ukimpeleka ndugu kupasuliwa, iwe hapo, Likasi au Lubumbashi, muulize munganga kabla: baada ya dawa ya usingizi kuisha, atapewa nini cha maumivu? Na hakikisha amepimwa uzito.