NDOTO MBAYA ZINATOKA WAPI?

Mwezi huu tuongee juu ya ndoto mbaya. Hapa kambi ya Kinama, Muyinga, mama mmoja aliniambia: "Mwalimu, mwanangu anasoma Gitega. Kila usiku namuota ananiita, nami miguu haiendi." Majirani wakasema amerogwa. Hapana.

Ubongo haulali wote. Kila dakika 90 hivi unaingia usingizi wa ndoto, na sehemu yake inayoshika woga inafanya kazi sana. Basi ya mchana yanarudi: risasi tulizokimbia, posho kupungua, mitihani, habari za kwetu. Homa ya malaria, pombe na dawa zingine pia zinazidisha.

Tufanye nini? Mchana, simulia ndoto yako kwa mtu unayemuamini, halafu badilisha mwisho: mtoto anafika, mnakumbatiana. Rudia hivyo kila siku, dakika chache tu. Mtoto akilia usiku, usimpige. Mshike mkono, umwambie yuko nyumbani na wewe. Zikiendelea wiki nyingi, nenda kituo cha afya.

Yule mama bado anaota. Lakini juzi akaniambia, miguu imeanza kutembea.